Kila Mtu na Bawaba Yake

Simu ilikuwa imelazwa kifudifudi katikati ya meza, na mwenyewe amejitenga nayo, mgongo kaubandika ukutani, mkono mmoja kauficha nyuma. Shangazi alipoingia hakuuliza habari. Alilifunga pazia kwanza, ndipo akavuta kiti.

Msidhani ni shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Huyu ni inspekta wa upelelezi, mama mnene, mwendo wa taratibu, macho yasiyo na haraka. Jina alilipata siku yake ya kwanza kazini, mkuu wa kituo alipomwaga chai juu ya shati la ushahidi, naye akamgombeza mbele za watu kama anavyogombezwa mtoto wa kaka. Kituo kizima kilishika pumzi. Mkuu mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya kwa kusema, "Samahani, shangazi." Likanata hapo hapo.

Na yule wa ukutani aliitwa Bawaba. Mwanamke mwembamba, fundi rangi, mikono imekomaa kwa brashi na ngazi, pengo la jino moja mbele. Kesho asubuhi alitakiwa kusimama mahakamani aeleze alichokiona akiwa anapaka rangi nyuma ya mlango wa ghorofani: Kontrakta akimsukuma mhandisi wake kutoka juu hadi chini kwenye kokoto. Shahidi mwingine hakuna. Bawaba akinyamaza, au akinyamazishwa, Kontrakta anatoka siku hiyo hiyo na kwenda kula kwake.

"Amepiga lini?" Shangazi aliuliza.

"Si muda. Nilikuwa naosha kikombe."

"Sauti unaijua?"

"Ya mwanamume. Mpole. Mpole kabisa, kama muuza dawa. Bora angefoka."

"Kasema nini? Usiongeze, usipunguze."

"Kasema, 'Hujambo, Bawaba? Bado unabembea milangoni? Mlango wa darasa ulikung'oa jino. Wa mahakama utakuvunja shingo.' Halafu akasema, 'Hapo ulipo pazuri, ila usipazoee.' Akakata."

Nyumba hii hakuna aliyetakiwa kuijua. Nje yake ni ukuta na geti la bati, kushoto gereji, kulia duka la magodoro, na watu wanapita zao. Getini alikaa askari wa kike aliyevaa kiraia, akijifanya anauza vocha. Alishasema hakuona mtu kusimama wala gari kupunguza mwendo.

"Sasa tunangoja nini?" sauti ilitoka mlangoni.

Huyo alikuwa Kocha, sajini, mwenzake Shangazi wa miaka na miaka. Alikuwa anaifundisha timu ya mpira ya kituo, timu ambayo tangu aishike haijafunga hata goli la kuotea, kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa nusu heshima nusu kejeli. Watoto wa Shangazi walimwita mjomba. Kiti chake mezani kwa Shangazi hakikaliwi na mgeni mwingine.

"Mahali pamejulikana," Kocha aliendelea, akizungusha funguo kidoleni. "Tumhamishe sasa hivi. Ile nyumba ya pili iko tayari. Mimi nampeleka, wewe unabaki unafuatilia simu."

"Sawa," Shangazi alisema. "Sogeza gari mpaka getini."

"Na ukitaka kujua nani kasema, wala usijichoshe. Namba ya simu hii tunayo watu watatu. Mimi, wewe na dada yake. Na mume wa dada yake anaendesha lori la nani? La Kontrakta! Kazi imekwisha hapo, Shangazi. Pigia mstari." Akatoka, viatu vyake vikisikika koridoni, kisha uani, kisha kimya.

Shangazi aliigeuza simu. Namba iliyopiga alipoijaribu ikawa haipatikani, kama alivyotarajia. Akampigia dada yake Bawaba. Dada alipokea upesi mno, sauti inatetemeka kabla hata hajaambiwa neno. Mumewe? Yuko safarini tangu jana. Simu yake? Imezimwa, na si kawaida yake kuizima. "Mdogo wangu mzima?" aliuliza. "Niambie ukweli, mama, yuko mzima?"

"Mzima. Umempa mtu namba hii?"

"Sijampa mtu! Hata mume wangu nimemficha. Nimeiandika wapi, nimeishika kichwani!"

Shangazi alikata simu akakuna kidevu. Mume wa kuzima simu, lori la Kontrakta, mke mwenye sauti ya kutetemeka. Kila kitu kilimwelekea shemeji. Kilimwelekea vizuri mno, na mambo yaliyonyooka hivyo humwasha Shangazi kama nguo ya sufu.

"Shemeji yako anakuita Bawaba?"

"Wote wananiita. Hata mshahara nasaini Bawaba."

"Basi hiyo hadithi ya kubembea na kung'oka jino anaijua."

"Haijui."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu yeye nilimpa ya msumari."

Shangazi alimtazama. "Ulimpa ya nini?"

Bawaba aliangalia chini, akasugua tone kavu la rangi kwenye goti la suruali yake. Mkono mwingine bado ulikuwa nyuma. "Utanicheka."

"Nina sura ya kucheka?"

"Jina hili nilipewa nikiwa mdogo, kwa jambo ambalo sipendi kulisimulia. Sasa kila mtu akilisikia anauliza. Bawaba? Kwa nini bawaba? Nani kakuita bawaba? Nikawa nazua. Mwanzo ilikuwa kukwepa tu, baadaye ikawa mchezo. Kila anayeuliza nampa yake, palepale, kutokana na anavyofanana. Kama rangi, Shangazi. Mteja humpi rangi ya jirani yake."

"Kwa hiyo shemeji..."

"Shemeji mtu wa malori na vyuma, nikamwambia nilipokuwa mtoto nilimeza msumari wa bawaba, wakanipeleka hospitali. Anaamini mpaka leo, kila akiniona ananiuliza tumbo linaendeleaje. Marehemu mume wangu alipenda watoto, nikamwambia baba alikuwa seremala, akanipa bawaba niitafune nilipoota meno. Mafundi wenzangu wanajua ni kwa sababu ya sauti yangu ya kukwaruza asubuhi. Wifi yangu anajua nilizaliwa mlangoni, mama hakuwahi kitandani. Wako wengi. Hakuna wawili wenye hadithi moja."

"Na hawajawahi kukutana wakalinganisha?"

"Walikutana msibani kwa mume wangu. Nusura wapigane. Kila mmoja anamwambia mwenzake muongo."

Siku nyingine Shangazi angeangua kicheko, lakini leo alikaa wima kitini. Alikuwa amefanya upelelezi maisha yake yote akitafuta alama kwenye vitu, namba ya injini, doa kwenye kola, na hapa mbele yake alikaa mwanamke aliyewatia alama watu wake wote bila kujua. Kila mtu alibeba asili yake ya jina, na akiisema popote, amejitaja. Aliyempa yule mpole maneno yale alidhani jina lina asili moja, kama majina ya watu wengine. Angejuaje?

"Basi tumempata," alisema kwa pupa. "Ya mlango wa darasa na jino. Hiyo ulimpa nani?"

Bawaba aliendelea kusugua ile rangi gotini.

"Fikiri vizuri. Ulimpa nani?"

"Niambie wewe," Bawaba alisema.

Alikuwa ameinua uso sasa, na macho yake yalikuwa makavu, yamekaza. Mkono wa nyuma ulisogea kidogo. Shangazi akaona ncha ya kisu butu, kile cha kukwangulia rangi kuukuu, kikichungulia pembeni ya kiuno. Ndipo akaelewa kwa nini mwanamke huyu hakuinuka kumlaki, kwa nini alijibandika ukutani tangu mwanzo, kwa nini kila jibu lilikuwa likimpima. Hakuwa anaiogopa ile simu. Alikuwa anamwogopa yeye.

Na kumbukumbu ikaja yote. Siku ya maelezo ya kwanza, kituoni. Wamechoka wote wawili, maandazi yamebaki kwenye sahani. Yeye Shangazi ameliangalia lile pengo la jino bila adabu, akauliza kwa utani tu, "Na hili jina, mwenzangu, ulilitoa wapi?" Na fundi rangi akatabasamu akasema, nilibembea kwenye mlango wa darasa, bawaba ikang'oka, na jino likaenda nayo.

"Mimi," alisema. "Ulinipa mimi."

"Jino lenyewe liling'oka nilipoanguka ngazini juzi juzi tu. Nilizua pale pale kwa sababu ulikuwa unalikodolea macho." Kisu kikasogea tena. "Wewe peke yako, Shangazi. Kwa hiyo nimekaa hapa najiuliza nikimbilie wapi, na wewe ndiye polisi."

"Sikumwambia Kontrakta."

"Ulimwambia nani?"

Ilikuwa garini siku ile ile, wakirudi nyumbani. Foleni ndefu, jua la jioni linawachoma macho. Alimsimulia ili kupoteza muda tu, na mwenzake akacheka mpaka akapiga honi bila kukusudia. Mtu mmoja. Hakumsimulia mwingine, hata mumewe.

Akakumbuka nani alikuwa wa kwanza kusema mahali pamejulikana. Nani kasema nampeleka mimi, wewe ubaki. Simu ile haikupigwa kumzuia Bawaba asiende mahakamani. Ilipigwa ili aombe mwenyewe kutolewa ndani ya nyumba hii. Na yeye Shangazi, na ujanja wake wote, alisema sawa, sogeza gari.

"Mtu mmoja," alinong'ona. "Nilimwambia mtu mmoja."

Koridoni funguo zililia.

Walitazamana. Bawaba aliyasoma yote kwenye uso wa Shangazi, kwa sababu uso ule haukuwa tena wa inspekta. Ulikuwa wa mtu aliyeogopa kama yeye. Mkono wenye kisu ukarudi nyuma, ukatulia.

"Gari tayari," Kocha alisema, akisimama mlangoni. Aliwaangalia mmoja mmoja. Tabasamu lake lilichelewa kidogo. "Mbona kimya? Mmepata nini?"

Shangazi alitafuta sauti yake akaikosa. Alijua akisema neno moja hofu yake itasikika.

"Anataka kujua hadithi ya jino nilimsimulia nani," Bawaba alisema, akijifuta jasho la mdomo kwa kiganja.

Funguo ziliacha kuzunguka. "Ehe?" Kocha alisema. "Na ulimsimulia nani?"

Lilikuwa swali la kawaida, la askari yeyote. Lakini liliulizwa polepole sana, na mkono wa kulia ulikuwa umeshuka ukakaa kwenye pindo la koti, pale bastola ilipokaa. Shangazi aliuona mkono ule. Alishakula ugali kutoka sahani moja na mkono ule.

"Shemeji," Bawaba alisema.

Wala hakupepesa.

"Ndiyo nimekumbuka sasa hivi. Siku ya arusi yao, kalewa, kaning'ang'ania nimwambie. Nikamwambia nilibembea, jino likang'oka. Akacheka yule mtu! Akawaita na wenzake wa malori waje kuona pengo." Akaanza kulia, machozi ya kweli, sijui aliyatoa wapi. "Shemeji yangu, jamani. Nimemlelea watoto wake."

Kocha alishusha pumzi ndefu. Mkono ukatoka kwenye pindo. "Si nilisema? Shangazi, si nilisema? Watu wa ndani ndio wabaya." Akampapasa Bawaba begani, na Bawaba akamwacha ampapase. "Pole, dada. Twende sasa."

"Begi langu," Bawaba alisema kwa kwikwi. "Liko stoo, rafu ya juu. Silifikii."

"Utalifuata kesho."

"Lina gauni la mahakamani."

"Dada, muda hatuna."

"Kocha," Shangazi alisema, na sauti ikarudi, ile ile ya siku ya chai. "Unataka asimame mbele ya hakimu na suruali yenye rangi? Mawakili wa Kontrakta watamcheka mpaka waumwe mbavu. Wewe ndiye mrefu hapa. Teremsha begi twende zetu."

Kocha alisita. Alitazama mlangoni, akatazama saa, kisha mazoea ya miaka na miaka yakamshinda: Shangazi akisema, unafanya. Akapita koridoni kuelekea stoo.

Stoo ile ilikuwa na mlango wa chuma, komeo kwa nje, na tundu la hewa lisilopitisha hata paka. Nyumba ilipokuwa ya mfanyabiashara, ndimo alimohifadhi mitungi ya gesi. Wiki nzima mlango ule ulikuwa ukipiga kelele kila ukifunguliwa, mpaka Bawaba akashindwa kuvumilia akaumiminia mafuta ya kupikia kwenye bawaba zake, juu na chini, na Kocha mwenyewe alimtania kwamba anawahudumia ndugu zake.

Kocha aliingia, akanyoosha mkono rafuni. "Mbona silioni?"

Mlango haukutoa sauti hata kidogo. Bawaba aliusukuma kwa bega, Shangazi akalisukuma komeo, na wote wawili wakajitupa pembeni, migongo ukutani, mbali na pale risasi ingepita.

Kisha mlango ukagongwa kutoka ndani, kwa adabu kabisa. "Shangazi? Mlango umejifunga."

Shangazi alikuwa ameshatoa simu yake. Alimpigia mkuu wa kituo moja kwa moja, yule yule wa chai. Alisema maneno machache: watu anaowaamini yeye mwenyewe, magari mawili, getini, na wamwangalie kila anayesimama barabarani. Akamwita askari wa kike aingie ndani na kufunga geti.

"Shangazi, acha utani bwana." Sauti ilianza kupanda. "Fungua."

Halafu ndani ya stoo simu ikaanza kuita.

Waliisikia vizuri, muziki ule ule wa mpira ambao Shangazi alikuwa akimwambia kila siku aubadilishe. Ikaita, ikaita, ikakatika. Ikaanza tena. Kuna mtu mahali fulani, karibu, alikuwa anashangaa kwa nini gari halijatoka. Kocha hakuipokea. Labda alijua wanamsikiliza. Bawaba alikuwa amefumba macho na kuushika mkono wa Shangazi, na kwa jinsi alivyoubana, Shangazi hakujua nani anamtuliza mwenzake.

Simu ilipokatika mara ya tatu, sauti ya Kocha ilitoka chini kabisa, kama amekaa sakafuni.

"Wana picha za mwanangu. Anatoka shule, anavuka barabara. Wamenionyesha."

Shangazi aliufumba mdomo kwa kiganja. Mtoto yule alimjua. Alishamfunga nepi akiwa mchanga.

"Ungeniambia," alisema hatimaye kupitia mlango wa chuma. "Kocha, si ungeniambia mimi?"

Magari yalifika. Mkuu wa kituo aliingia mwenyewe, na Kocha alitolewa mikono juu, bastola akaitanguliza kwa kuitelezesha sakafuni. Hakumtazama Shangazi. Wengine wawili walikamatwa kwenye teksi mbele ya duka la magodoro, na mmoja wao, ilisemekana, alikuwa na sauti ya upole sana. Gari moja likatumwa shuleni kwa mtoto wa Kocha, kwa amri ya Shangazi, kabla hata hajaulizwa.

Usiku ule Bawaba asingehamishwa tena na mtu. Shangazi angelala pale pale, kwenye kochi, mlangoni. Alimpikia chai Bawaba.

"Utaenda kesho?" aliuliza.

"Nitaenda."

"Huogopi?"

"Naogopa mpaka nywele zinauma. Lakini nitaenda." Bawaba alikiweka kisu chake mezani, pembeni ya kikombe, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Shangazi alikaa. "Nisamehe. Nilimsimulia ili acheke tu. Sikudhani ni kitu."

"Najua."

Wakanywa chai. Nje gereji ilikuwa inafunga, mtu anaburuta mnyororo. Kazi ya Shangazi ni kuuliza, na mazoea ni mabaya.

"Na asili yake ya kweli?" aliuliza. "Kwa nini walikuita Bawaba?"

Mwanamke alikishusha kikombe, akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alitaka kweli kujua.

"Nikikuambia," alisema, "utamwambia nani?"

Shangazi aliinuka kwenda kuangalia kama mlango wa mbele umekazwa.